Kupima fizi kwa mate: kipimo kinaona nini, na nini kinakipita

Unasukutua kwa maji ya kawaida kwa sekunde 30, unatema, kisha unakaa kimya dakika moja. Usile, usimeze maji, usifanye kitu. Dakika hiyo ina kazi yake, maana ndiyo inayowapa fizi nafasi ya kutoa majimaji mapya. Halafu unapewa mililita 5 za maji yaliyosafishwa, unayazungusha mdomoni sekunde nyingine 30 na kuyatema kwenye kikombe. Yanapitishwa kwenye kichujio, matone machache yanadondoshewa kwenye kijikadi cha plastiki, na baada ya dakika tano hivi unasoma mistari. Mmoja maana yake kipimo kimefanya kazi na hakikuona cha kutisha. Miwili maana yake kimeona.

Aliyewahi kupimwa malaria kwa kipimo cha haraka, au kupima ujauzito nyumbani, anaijua teknolojia hii. Kwenye ukanda wa karatasi ndani ya kijikadi zimebandikwa kingamwili zinazonasa kitu kimoja tu, na kikiwa kingi vya kutosha mstari unajitokeza. Hapa kinachonaswa ni kimeng'enya (enzaimu) kiitwacho MMP-8, na mpaka uliowekwa ni nanogramu 20 kwa kila mililita. Kipimo chenyewe kinatengenezwa Ujerumani, lakini sayansi yake kwa sehemu kubwa imetoka Chuo Kikuu cha Helsinki, ambako Timo Sorsa na wenzake wamekifuatilia kimeng'enya hicho kwa miongo kadhaa.

Swali ambalo mtu atamuuliza mhudumu palepale ni moja: mistari miwili maana yake nina ugonjwa wa fizi? Jibu fupi ni kwamba huenda, lakini kipimo hakikusema hivyo. Kilichosema ni kwamba mahali fulani kinywani mwako, sasa hivi, nyama inayoshikilia meno inakatwa. Ili kuona tofauti ya kauli hizo mbili inabidi tuanze na namna daktari wa meno anavyoutambua ugonjwa huu bila mate.

Anatumia kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Kile kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kina kidonge cha nusu milimita kwenye ncha, ili kisichome, na mkanda mweusi kati ya milimita 3.5 na 5.5. Kinaingizwa taratibu kati ya fizi na jino mpaka kigome. Fizi yenye afya hugomea kwenye milimita 1 hadi 3; kuanzia 4 kuna mfuko. Kila jino hupimwa sehemu sita, kwa hiyo mwenye meno 28 ana sehemu 168. Daktari anataja, msaidizi anaandika: tatu, mbili, tatu, tatu, mbili, sita. Ile sita ndiyo habari. Fizi imeachana na mzizi, na mara nyingi mfupa wa taya chini yake umeshuka.

Kazi hii inataka mtu aliyefunzwa, kiti, mwanga na muda. Huwezi kuifanya kwa watu mia mbili kwenye foleni. Lakini tatizo lake kubwa ni jingine, na wataalamu wenyewe wanalikiri. Kijiti kinapima uharibifu uliokwisha kutokea, kama alama ya maji ukutani baada ya mafuriko: unajua yalifika wapi, hujui kama mvua bado inanyesha. Mfuko wa milimita 6 unaweza kuwa wa miaka kumi iliyopita na sasa umetulia. Unaweza pia kuwa unachimbika wiki hii. Kijiti kitasoma sita kwa wote wawili.

Jambo hili lingekuwa la kitaaluma tu kama kila fizi iliyovimba ingeishia kuangusha jino. Haiishii huko. Mwaka 1965, huko Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Walipoanza tena kusafisha, zikapona. Hapo ikathibitika kwamba utando wa bakteria unaoganda kwenye meno ndio chanzo cha uvimbe, na kwamba uvimbe huo unarudi nyuma.

Löe huyohuyo akaenda mbali zaidi. Kuanzia 1970 timu yake iliwafuatilia wanaume 480 waliokuwa vibarua wa mashamba ya chai Sri Lanka, watu wasiopiga mswaki na wasio na huduma ya meno. Fizi zao zote zilikuwa na uvimbe na meno yamejaa ukoga. Kwa hesabu ya haraka ungedhani wote watakuwa vibogoyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yalionyesha vingine: asilimia 8 walipoteza mfupa kwa kasi, asilimia 81 kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 hawakuvuka kabisa hatua ya uvimbe wa fizi. Uchafu uleule, hatima tatu tofauti.

Kwetu nako jambo hilo limeshuhudiwa. Utafiti uliofanywa Machakos, Kenya, na Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji, ukachapishwa mwaka 1988, ulipima watu wa umri wa miaka 15 hadi 65. Ukoga na damu vilikuwa kila mahali. Uharibifu mkubwa ulikusanyika kwa watu wachache, tena kwenye meno machache ya watu hao.

Kwa hiyo swali la uchunguzi wa watu wengi haliwezi kuwa nani ana fizi zilizovimba. Swali ni nani, kati ya hawa wote wenye fizi zilizovimba, mfupa wake unaliwa sasa. Mimi nadhani kila kipimo cha mate kinachotangazwa kipewe mtihani huo kwanza, na vingi vinaanguka.

Sasa turudi kwenye majimaji yenyewe. Ndani ya kinywa kuna aina mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ni mate, ambayo mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, mengi yakitoka kwenye tezi tatu kubwa za kila upande. Ya pili ni umajimaji mwembamba unaochuruzika kwenye ule mwanya kati ya fizi na jino. Mwaka 1958 Brill na Krasse waliwadunga mbwa rangi inayong'aa kwenye msuli, kisha wakachomeka vijikaratasi kwenye fizi zao. Rangi ikaonekana kwenye karatasi. Maana yake umajimaji huo unatoka kwenye damu, unapita katikati ya nyama ya fizi na kutokea mdomoni, ukibeba kila kilichomo njiani.

Hadi leo watafiti wanauchukua hivyohivyo, kwa kijikaratasi kinachowekwa kwenye mwanya wa jino moja kwa sekunde chache. Kinachopatikana mara nyingi hakifiki hata tone, na damu kidogo tu ikiingia sampuli imeharibika. Faida yake ni kwamba unajua umechukua jino gani, upande gani. Mate na maji ya kusukutua ni rahisi kupata ila yamechanganya sehemu zote 168 kwenye kikombe kimoja. Yanajibu kuhusu mtu, hayajibu kuhusu jino. Kwa uchunguzi wa watu wengi hilo linatosha, kwa sababu huko unatafuta nani apelekwe kwenye kiti. Jino litatafutwa na kijiti.

Vilivyopimwa ndani ya majimaji haya ni vingi mno, nami sitavipitia vyote. Kuna wanaotafuta bakteria. Sigmund Socransky na wenzake wa Taasisi ya Forsyth, Boston, walionyesha mwaka 1998 kwamba bakteria watatu, Porphyromonas gingivalis, Treponema denticola na Tannerella forsythia, huandamana kwenye mifuko mirefu. Vipimo vya kuwanasa vipo. Shida ni kwamba bakteria hawa hukutwa pia kwa watu ambao fizi zao ni nzima, kwa hiyo kuwaona si kumwona mgonjwa. Kuna wanaopima interlukini-1 beta, ambayo ni kengele ya mwili wakati wa uvimbe. Hiyo hupanda kweli, lakini hupanda kwa uvimbe wowote, na uvimbe tumeona ni wa kila mtu.

Kuna wanaotafuta damu. Japani wametumia vijikaratasi vya kunasa himoglobini kwenye mate, teknolojia ndugu na ile ya kutafuta damu iliyojificha kwenye choo kubwa. Ni rahisi na ni rafiki kwa anayepimwa. Lakini hebu kilete kipimo hicho Afrika Mashariki. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta watu wazima karibu wote wana fizi zinazotoka damu. Kipimo kinachompata na hatia karibu kila aliyepimwa hakijachuja mtu. Tena kinaweza kumkosa anayetafutwa zaidi: mvutaji sigara. Tumbaku hufanya fizi zitoke damu kidogo kuliko zinavyostahili, huku mfupa chini yake ukiisha haraka kuliko wa asiyevuta. Mvutaji atatoka na cheti kizuri.

Damu ina matumizi yake upande wa pili. Niklaus Lang na wenzake wa Bern, Uswisi, walionyesha mwaka 1990 kwamba sehemu isiyotoka damu inapoguswa na kijiti, ziara baada ya ziara, karibu hakika imetulia. Kutokuwepo kwa damu ni habari ya kuaminika. Kuwepo kwake hakusemi mengi.

Ndiyo maana macho yamehamia kwenye MMP-8. Meno hayakuota moja kwa moja kwenye mfupa. Yananing'inia kwenye nyuzi fupi za kolajeni. Kolajeni ni ngumu, nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, na vimeng'enya vingi vya kawaida haviwezi kuikata. Aliyeonyesha kwamba mwili una kimeng'enya maalumu cha kazi hiyo hakuwa mtu wa meno. Mwaka 1962 Jerome Gross na Charles Lapière, wakifanya kazi Boston, walikuwa wanachunguza mkia wa kiluwiluwi. Kiluwiluwi akigeuka chura mkia unayeyuka, na umejaa kolajeni. Lazima kuna kitu kinachoikata. Wakakipata. Baadaye ikajulikana kwamba binadamu ana familia nzima ya vimeng'enya hivyo, na MMP-8 ni ile iliyohifadhiwa ndani ya nutrofili, chembe nyeupe za damu ambazo ni askari wa kwanza kufika penye bakteria.

Ndani ya nutrofili kimeng'enya hukaa kimelala. Hutolewa nje, kisha huamshwa na kemikali kali za vita yenyewe au na vimeng'enya vya bakteria wale watatu niliowataja. Kikiamka hukata kolajeni mahali pamoja tu, robo tatu huku na robo kule, na kwa joto la mwili vipande hivyo hufumuka vyenyewe. Fizi yenye uvimbe wa kawaida ina MMP-8 nyingi iliyolala. Fizi inayobomoka ina iliyoamka. Kingamwili za kipimo cha Ujerumani zimechaguliwa ili zione hasa ile iliyoamka, na hapo ndipo penye akili ya kipimo hiki kuliko kwingine kote. Kinajaribu kuuliza lile swali la vibarua wa Sri Lanka: ninyi nyote mna uvimbe, nani anabomoka?

Kinalijibu vizuri kiasi gani? Hapa inabidi tupige hesabu, na namba nitakazotumia ni za mfano. Chukua kipimo kinachowagundua wagonjwa 80 kati ya 100, na kuwaachia huru wazima 80 kati ya 100. Kwa kipimo cha dakika tano hizo si alama mbaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa mkali wa fizi unawapata karibu asilimia 19 ya watu wenye zaidi ya miaka 15 duniani, zaidi ya watu bilioni moja. Tufanye asilimia 20.

Kwenye watu 1,000 wagonjwa ni 200. Kipimo kinawapata 160 na kuwakosa 40. Wazima ni 800. Kipimo kinawaachia 640 na kuwatia hofu 160 bure. Walioambiwa "mistari miwili" ni 320, nusu wagonjwa, nusu wazima. Walioambiwa "mstari mmoja" ni 680, na kati yao 40 wanarudi nyumbani na ugonjwa wao.

Peleka kipimo kilekile kwa vijana wa chuo, ambako tuseme wagonjwa ni 50 tu kwa elfu. Kitawapata 40, na kitawashtua wazima 190. Sasa aliyeona mistari miwili ana nafasi chini ya moja kati ya tano ya kuwa mgonjwa kweli. Kijikadi hakijabadilika hata kidogo; waliopimwa ndio wamebadilika. Watu wa mauzo hupenda kutaja ile 80 na kunyamaza kuhusu hii. Ukisikia kipimo kina usahihi wa asilimia fulani, uliza umepatikana kwa watu gani. Tafiti nyingi za mate zililinganisha wagonjwa wa kliniki ya fizi na watu wenye fizi safi kabisa, na kati ya makundi hayo mawili hata jicho linatosha.

Kuna na mambo yanayokipotosha kipimo bila kujali hesabu. Mvutaji sigara tena, kwa kuwa hata MMP-8 imeonekana kuwa chini kwa baadhi yao. Dawa za kupambana na bakteria za jamii ya tetrasaiklini nazo zimo: Lorne Golub wa Stony Brook, New York, aligundua miaka ya 1980 kwamba zinazuia vimeng'enya hivi, na mwaka 1998 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha doksisaiklini ya miligramu 20, kiasi kisichoua bakteria, kwa kazi hiyo tu. Anayemeza doksisaiklini kwa sababu nyingine anaweza kusomeka mzima. Mwenye kinywa kikavu, au kidonda mdomoni, naye anasomeka vingine.

La mwisho linanisumbua zaidi kwa mazingira yetu. Mzee aliyebakiwa na meno sita ana mianya michache ya kuchuruzika. Ugonjwa umemaliza kazi kwenye meno yaliyong'oka, na kipimo kinamwona nafuu kuliko kijana mwenye meno 32. Kabla ya kijikadi, basi, maswali yatangulie. Una umri gani, unavuta, meno yamewahi kulegea yenyewe bila kugongwa, umebakiwa na mangapi? Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilitengeneza maswali manane ya namna hiyo pamoja na wataalamu wa fizi wa huko. Kuuliza hakugharimu kitu, na majibu yakiunganishwa na kipimo yanasaidia kuliko kipimo peke yake.

Mahali ambapo naona kipimo hiki kingefaa kwetu ni kliniki ya kisukari. Wagonjwa wapo tayari, wanarudi kila baada ya muda, na wana ugonjwa wa fizi zaidi ya wenzao, kwa hiyo ile hesabu ya elfu inageuka kuwa upande wao. Uhusiano wenyewe ni wa pande mbili: sukari ikiwa juu fizi huharibika haraka, na fizi zikitibiwa sukari hushuka kidogo. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya tafiti nyingi, yalikuta HbA1c, ile sukari ya miezi mitatu, ikishuka kwa karibu asilimia 0.4 miezi mitatu hadi minne baada ya fizi kusafishwa. Kwa matibabu yasiyo kidonge wala sindano, si haba. Muuguzi anaweza kutoa kikombe cha kusukutua huku mgonjwa akisubiri kipimo cha sukari.

Lakini atakayeonyesha mistari miwili apelekwe wapi? Wilson na Jungner, walioandika vigezo vya uchunguzi wa aina hii kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1968, waliweka wazi kwamba huduma ya kuthibitisha na kutibu lazima iwepo kabla hujaanza kupima watu. Kwa fizi huduma hiyo ni tabibu wa meno mwenye kijiti na vifaa vya kukwangua ukoga mgumu mpaka chini ya fizi, pamoja na muda wa kumfundisha mtu kusafisha kati ya meno. Wilaya yenye tabibu mmoja anayeshinda aking'oa meno haihitaji kijikadi cha kumletea watu 320 wengine, nusu yao wazima. Inahitaji tabibu wa pili.

Wataalamu wenyewe bado hawajakikaribisha ndani. Mkutano mkubwa wa dunia uliofanyika Chicago mwaka 2017, ambao matokeo yake yalitoka mwaka uliofuata, ulipanga upya ugonjwa huu kwa hatua nne za ukubwa na madaraja matatu ya kasi, A, B na C, C ikiwa ya kasi zaidi. Sigara 10 au zaidi kwa siku zinakupandisha daraja C. HbA1c ya asilimia 7 au zaidi kwa mwenye kisukari, vivyo hivyo. Kwenye jedwali la madaraja kuna mstari wa viashiria vya mate, majimaji ya fizi na damu. Mstari umechorwa, na ndani ya visanduku vyake zimewekwa alama za kuuliza.

Wakati visanduku hivyo vinasubiri namba, kuna matumizi ambayo hayategemei mpaka wa dunia nzima, nayo ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe. MMP-8 hushuka fizi zikisafishwa vizuri. Isiposhuka, kuna mfuko uliorukwa au mwili unaoendelea kubomoa, na huyo ndiye wa kuitwa mapema. Kwa hiyo ukipimwa mahali penye mashine ya kusomea kijikadi, omba waandike namba kwenye kadi yako badala ya "ndiyo" au "hapana", kisha urudi nayo miezi miwili au mitatu baada ya kusafishwa.